Kusikiliza Kwarteti za Nyuzi katika Nyumba ya Lamu: Mwongozo Kamili wa Kuchagua, Kulinganisha na Kutunza Rekodi

Kwarteti ya nyuzi ni muziki wa watu wanne: wawili hupiga fidla, mmoja hupiga viola, ambayo ni kubwa kidogo kuliko fidla na sauti yake ni nzito zaidi, na wa nne hupiga chelo akiwa ameketi, ala imesimama baina ya magoti yake. Hakuna mwimbaji, hakuna ngoma, wala hakuna mtu anayesimama mbele kuwaongoza kwa kijiti. Kwa msikilizaji wa mwambao jambo hili halitishi, kwa kuwa sikio lililokulia katika taarab limekwisha kuizoea fidla, na limekwisha kuketi kimya kusikiliza bashrafu kabla mwimbaji hajainuka. Kinachomsumbua anayeanza ni kwamba kazi hizi ni ndefu, kazi moja ina makumi ya rekodi, na hajui ashike ipi aache ipi.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayeishi Lamu, mwenye simu, bando la kiasi, na pengine spika mbili ndogo au hedifoni. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: ni bora uwe na kazi tano, kila moja katika rekodi mbili zinazotofautiana, kuliko kuwa na kazi mia moja katika rekodi moja moja. Noti alizoandika mtunzi ni zile zile kwa kila kundi, na ni pale unaposikia makundi mawili yakizitamka kwa namna mbili ndipo unapoanza kutambua kuwa wapigaji wana maamuzi yao, na kwamba wewe nawe una haki ya kupendelea.

Hatua ya kwanza: chagua kazi kabla ya kuchagua wapigaji

Joseph Haydn, aliyeishi kati ya 1732 na 1809, huhesabiwa kuwa aliandika kwarteti 68. Mozart aliandika 23, Beethoven 16 pamoja na kipande kimoja kikubwa kilichobaki peke yake, na Shostakovich 15. Kazi nyingi kati ya hizi hazina jina lolote zaidi ya neno kwarteti na ufunguo wake wa muziki, hivyo kitambulisho cha kweli ni namba. Herufi Op. hufuatwa na namba ya chapisho, na Na. huonyesha ni kazi ya ngapi ndani ya chapisho hilo. Kazi za Mozart hutambulishwa kwa herufi K. na za Schubert kwa D., herufi za waliopanga orodha zao. Andika namba hizo kamili unapotafuta mtandaoni. Anayeandika jina la mtunzi peke yake huletewa rundo la vipande vya polepole vilivyokatwa kutoka kazi mbalimbali na kuunganishwa kuwa muziki wa kulalia, na hapo hatasikia kwarteti hata moja kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Anza na Haydn, Op. 76 Na. 3, ya mwaka 1797. Sehemu yake ya pili imejengwa juu ya wimbo ambao Haydn mwenyewe aliutunga kwa heshima ya Kaisari Franz, na mahadhi hayo hayo leo ndiyo ya wimbo wa taifa wa Ujerumani. Sababu ya kuiweka mbele ni kwamba hakuna shule bora zaidi ya kuzitambua ala nne, kama nitakavyoeleza katika hatua ya tano.

Ya pili iwe ya Antonín Dvořák, Op. 96, aliyoiandika mwaka 1893 katika kijiji cha Spillville, jimbo la Iowa, Marekani, alikokwenda kupumzika miongoni mwa walowezi wa Kicheki wenzake. Haichukui hata nusu saa, na mahadhi yake hushikika mara ya kwanza. Ya tatu ni ya Schubert, D. 810, ya mwaka 1824, ambayo sehemu yake ya pili inatokana na wimbo wake mwenyewe wa Mauti na msichana. Hii ni kazi ya hofu na mbio, na huenda karibu dakika arubaini. Ya nne ni ya Beethoven, Op. 132, ya mwaka 1825, iliyoandikwa baada ya ugonjwa mkali, mtunzi akiwa kiziwi kwa miaka kadhaa. Katikati yake pana sehemu aliyoiita wimbo mtakatifu wa shukrani wa mtu aliyepona, na sehemu hiyo peke yake huchukua kati ya dakika 15 na 20 kutegemea wapigaji. Ya tano ni ya Shostakovich, Na. 8, ambayo ni Op. 110, iliyoandikwa kwa siku tatu mnamo Julai 1960 karibu na mji wa Dresden, uliokuwa umeteketezwa kwa mabomu wakati wa vita. Sehemu zake tano huunganishwa bila kusita, na noti nne zinazotokana na herufi za jina lake hurudi tena na tena.

Mtu anaweza kuuliza mbona Mozart hayumo. Atakuja, kwarteti sita alizomtunukia Haydn kati ya 1782 na 1785 ni za thamani kubwa, ila uzuri wake umo katika mambo madogo madogo, na huonekana vizuri zaidi sikio likishazoea.

Hatua ya pili: chagua rekodi mbili za kila kazi

Ili uchague vizuri, ni lazima ujue rekodi ilitengenezwa wakati gani, maana teknolojia ya wakati ule huamua nusu ya unachosikia. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi santuri kwa ajili ya kampuni ya HMV. Katika muongo uliofuata, HMV hiyo hiyo ilitoa rekodi za Busch Quartet, kundi la Adolf Busch, mpigaji fidla Mjerumani aliyekataa kupiga muziki nchini mwake baada ya Hitler kushika madaraka mwaka 1933. Kote kuwili mbinu ilikuwa moja: santuri ya mizunguko 78 kwa dakika, isiyobeba zaidi ya dakika nne au tano kila upande hata katika saizi kubwa, na hakukuwa na utepe wa kukata na kuunga. Wapigaji walisimama upande ulipokwisha, wakaendelea katika santuri nyingine, na kosa lililoingia lilibaki humo, labda warudie upande mzima. Ndiyo maana rekodi za zama hizo zina mchakaricho na sauti nyembamba, lakini zina ujasiri ambao mara nyingi haupatikani katika rekodi zilizosafishwa neno kwa neno.

Mwaka 1948 ikaja santuri ndefu, inayobeba zaidi ya dakika ishirini kila upande. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ikaenea stereo, ambayo humwezesha msikilizaji kuona kwa masikio nani ameketi wapi. Na mwaka 1982 ikaanza kuuzwa CD. Katika mpangilio wa kawaida wa stereo utaisikia fidla ya kwanza kushoto na chelo au viola kulia. Yako makundi yanayoiketisha fidla ya pili upande wa kulia, ikikabiliana na ya kwanza, na ukilijua hilo mapema hutadhani kuwa umevaa hedifoni kinyume.

Kwa Haydn Op. 76 Na. 3, chukua rekodi ya Quatuor Mosaïques pamoja na ya Kodály Quartet au ya Amadeus Quartet. Mosaïques hutumia nyuzi za utumbo wa mnyama, kama zilivyokuwa zama za Haydn, badala ya nyuzi za chuma. Sauti yao ni kavu kidogo, ina mchanga ndani yake, na mtetemo wa kidole juu ya waya, unaoifanya noti itikisike, wameupunguza. Kodály Quartet, la Budapest, limerekodi Haydn kwa kampuni ya Naxos, ambayo imesifika kwa bei nafuu, na upigaji wao ni wa moja kwa moja, hauna mbwembwe. Amadeus ni habari nyingine. Watatu kati ya wanne hao walikuwa vijana Wayahudi waliokimbia kutoka Austria, wakakutana wakiwa wamezuiliwa katika kambi za Uingereza mwaka 1940, kisha wakaungana na Mwingereza Martin Lovett wa chelo. Kundi liliundwa 1947 na likabaki na watu wale wale hadi mpigaji viola alipofariki mwaka 1987. Miaka arubaini ya kuketi pamoja inasikika: fidla ya kwanza hutanua sauti kwa utamu mwingi, na wenzake wanajua atakapovuta pumzi. Wako wanaouona utamu huo umezidi kwa Haydn, na mimi ni mmoja wao, ila nisingependa mtu akose kuusikia.

Kwa Schubert D. 810, weka rekodi ya Busch ya mwaka 1936 kando ya ile ya Pavel Haas Quartet iliyotolewa 2013. Hapa tofauti ya miaka karibu themanini ni funzo lenyewe. Busch huteleza kutoka noti hadi noti kwa namna iliyokuwa desturi ya zama zao na ambayo leo imeachwa, na mpigaji taarab ataitambua mara moja kwa sababu fidla ya mwambao nayo huteleza. Pavel Haas, kundi la Kicheki lililoanzishwa 2002, hupiga kwa nguvu na ukali ambao kipaza sauti cha 1936 kisingeumudu.

Kwa Dvořák, Pavel Haas tena, katika rekodi iliyotolewa 2010 na ikatunukiwa na jarida la Gramophone la Uingereza kuwa rekodi bora ya mwaka 2011, ukiilinganisha na Quartetto Italiano. Hawa wa pili, waliopiga pamoja kuanzia 1945 hadi 1980, wana sauti ya mviringo, iliyolainishwa hadi mwisho, na rekodi yao ya kwarteti za Wafaransa Debussy na Ravel ya miaka ya 1960 ingefaa kununuliwa hata na asiyenunua kitu kingine.

Kwa Beethoven Op. 132, Quartetto Italiano na Takács Quartet. Wa kwanza wanaichukua sehemu ya shukrani kwa utulivu mkubwa. Takács, walioungana Budapest mwaka 1975 na baadaye wakahamia Colorado, wanakufanya uzisikie pumzi za mgonjwa anayepata nguvu, na pale muziki unapochangamka wanauchangamsha kweli. Kwa Shostakovich Na. 8, chukua Borodin Quartet, kundi la Kirusi lililomjua mtunzi, na Fitzwilliam Quartet la Uingereza, ambalo Shostakovich alilitembelea York mwaka 1972 kulisikiliza, na ambalo baadaye lilirekodi kwarteti zake zote 15. Kama huna nafasi ya mbili, Borodin watangulie.

Hatua ya tatu: zipate, na uzipange simu isikuharibie

Hesabu ya bando ni rahisi. Faili iliyobanwa kwa kiwango cha kilobiti 320 kwa sekunde hula takriban megabaiti 144 kwa saa moja. Ikibanwa hadi 128 hula kama 58. Faili ya FLAC, inayobana bila kutupa chochote kilichomo katika CD, mara nyingi huwa kati ya megabaiti 250 na 350 kwa saa. Kazi tano zilizotajwa juu, kila moja kwa rekodi mbili, ni kama saa tano na nusu, kwa hiyo kwa kiwango cha 320 hazifiki gigabaiti moja. Zipakue mara moja penye waifai nzuri, kisha uzisikilize bila mtandao. Kusikiliza moja kwa moja mtandaoni kunaudhi katika muziki huu kuliko mwingine, kwa kuwa mkwamo wa sekunde mbili katikati ya sehemu ya polepole huvunja kila kitu.

Usishuke hadi 128 ukiweza kuepuka. Nyuzi nne zikipigwa kwa upinde zina vumbi jembamba la sauti juu ya kila noti, na ndilo hutupwa kwanza faili inapobanwa sana. Kinachobaki juu ya fidla husikika kama maji yanayochuruzika. Kwa upande mwingine, faili za biti 24 zinazouzwa kwa bei ya juu sioni haja yake kwa mtu anayesikilizia spika ndogo pembeni mwa bahari. Fedha hiyo inunue hedifoni.

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kuanza, ingia katika mipangilio ya programu yako ya muziki ufanye mambo manne. Zima uchezaji wa kuchanganya mpangilio. Zima ile huduma inayofifisha kipande kimoja na kukiingiza kingine juu yake. Washa uchezaji usio na pengo kati ya faili, la sivyo Shostakovich Na. 8 itakatwa mara nne na Op. 131 ya Beethoven, yenye sehemu saba zinazofuatana bila kusimama, itakatwa mara sita. Kisha zima usawazishaji wa sauti, ambao hupandisha minong'ono na kushusha makelele hadi vyote vilingane. Katika kwarteti tofauti ya mnong'ono na ukelele ndiyo nusu ya maana.

Majina ya faili yaandike kwa mpangilio mmoja: mtunzi, namba ya kazi, kundi, mwaka wa rekodi, namba ya sehemu. Faili nyingi huja zikiwa na jina la kundi mahali pa mtunzi, na usipozirekebisha mwanzoni utazitafuta usizione.

Anayependa CD anaweza kuagiza zilizotumika kupitia Nairobi au Mombasa, zikafika Mokowe kwa basi na kuvushwa kwa boti. Omba zifungwe ndani ya mfuko wa plastiki kwanza, kisha katoni, maana mizigo hukaa gatini na maji hurusha.

Hatua ya nne: chumba

Kwarteti iliandikwa ipigwe chumbani, mbele ya watu wachache, na chumba cha nyumba ya mawe ya Lamu kinaifaa kuliko ukumbi mkubwa, mradi ukiandae. Vyumba vyetu ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti za mkoko ndizo zinazobeba dari, nazo haziruhusu upana uzidi sana mita tatu. Kuta ni za tumbawe zilizopakwa chokaa ngumu, na sakafu ni ngumu pia. Simama katikati upige kofi moja kali. Ukisikia mlio unaodundadunda kama sarafu iliyoanguka, kuta mbili ndefu zinarushiana sauti, na fidla itakuwa kali ya kuumiza.

Dawa yake si mkeka. Mkeka ni mwembamba na hauzuii lolote la maana. Tandika zulia zito au busati maradufu kati yako na spika, na usimamishe godoro au upange mito kando ya ukuta mmoja mrefu, mahali sauti inapogonga kabla ya kukufikia. Kama chumba kina zidaka ukutani, viache wazi na vyombo vyake ndani. Visima hivyo vidogo vya kina tofauti huitawanya sauti badala ya kuirudisha kwa mkupuo, na vinafanya kazi ambayo watu wa studio hulipia fedha nyingi. Kosa ni kuitia spika ndani ya kidaka, maana itageuka kuwa mtungi, na chelo itanguruma noti moja tu.

Weka spika upande mfupi wa chumba zikitazama urefu wake, zikiwa na nafasi ya kama mita moja na nusu hadi mbili baina yake, mbali na pembe, nawe ukae kwa umbali unaokaribiana na huo. Wengi wetu huketi chini, kwa hiyo spika zisiwekwe juu ya kabati. Kile kipaza kidogo cha juu kiwe sawa na masikio yako ulipoketi.

Simu peke yake haitoshi, na sababu yake inapimika. Waya wa chini kabisa wa chelo hutetema mara 65 hivi kwa sekunde, wa viola 131, na wa fidla 196. Spika ya simu haiwezi kutoa sauti hizo za chini, hivyo unachosikia ni fidla mbili na kivuli cha waliobaki. Hedifoni za waya za bei ya wastani, zinazofunika sikio lote, zitakupa watu wanne kamili. Pia hazisumbui majirani alasiri wakati nyumba zimelala.

Kuhusu wakati, mji una misikiti karibu kila mtaa na adhana hufika kila chumba. Panga kazi ndefu baada ya Isha, na pale adhana inapoingia zima, Beethoven atangoja. Juu ya nyumba, chini ya paa la makuti, hakuna mwangwi hata kidogo na sauti ya nyuzi huko ni safi, ila kusi likivuma hutasikia sehemu za polepole, na ukipandisha sauti jirani wa pili atasikiliza nawe apende asipende. Umeme ukikatika na ukitumia kigeuza umeme cha sola, sikiliza kama spika zinavuma chini kwa chini; zikivuma, chomoa na utumie betri ya spika yenyewe.

Hatua ya tano: kusikiliza kwenyewe

Rudi kwa Haydn, sehemu ya pili. Wimbo unaimbwa kwanza na fidla ya kwanza, wenzake wakiisindikiza. Kisha unarudiwa mara nne bila kubadilishwa, kila mara mikononi mwa mwingine: kwanza fidla ya pili, huku ya kwanza ikiuzungushia mapambo mepesi, halafu chelo, halafu viola, na mwisho unarudi kwa fidla ya kwanza, safari hii ukiwa umebebwa na wenzake kwa sauti nzito zaidi. Sikiliza mara nne, na kila mara shikilia ala moja tu kuanzia mwanzo hadi mwisho, hata pale isipokuwa na wimbo. Viola ndiyo ngumu kuishika, kwa kuwa hujificha katikati. Siku utakapoweza kuifuata bila kuipoteza, zoezi hili limekwisha na huna haja ya kulirudia.

Baada ya hapo linganisha. Sawazisha ukubwa wa sauti wa rekodi mbili kwanza, kwa sababu sikio la binadamu huihukumu yenye sauti kubwa kuwa bora hata kama sivyo. Sikiliza sehemu ile ile kwa dakika tatu katika kila rekodi, kisha ubadilishe mpangilio. Mwombe mtu wa nyumbani akubonyezee bila kukwambia ni ipi, na majina makubwa yatakosa nguvu ya kukushawishi.

Andika katika daftari urefu wa kila sehemu. Kuna jambo litakushangaza: sehemu ya kwanza katika rekodi moja inaweza kuwa fupi kwa dakika kadhaa, na haimaanishi kwamba wapigaji wanakimbia. Watunzi wa zama zile waliagiza theluthi hivi ya mwanzo irudiwe, na baadhi ya makundi hupuuza agizo hilo. Zama za santuri fupi kulikuwa na sababu ya ziada ya kuliacha. Kabla ya kusema huyu ana haraka, hakikisha wamerudia.

Maswali ya kujiuliza ni machache. Je, chelo inaongoza mwendo au inafuata? Mtetemo wa kidole uko katika kila noti, au umewekwa panapohitajika? Wanaposhusha sauti, wanashuka wote wanne, au fidla ya kwanza inabaki juu? Unasikia wakivuta pumzi? Hilo la mwisho si kasoro. Wapigaji hupumua pamoja ili waanze pamoja, na kipaza sauti kilichowekwa karibu hukuletea pumzi hizo.

Anayesoma noti apakue karatasi za kazi hizi bure kutoka IMSLP, maktaba ya noti iliyo mtandaoni, isipokuwa za Shostakovich ambazo bado zinalindwa katika nchi nyingi. Asiyesoma asihangaike, nimeona watu wanaosikia mengi zaidi wakiwa wamefumba macho.

Hatua ya sita: kutunza

Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na kuta za tumbawe hunyonya vyote viwili. Kwa hiyo usiegemeze santuri, CD wala diski ya kompyuta kwenye ukuta wa nje, hata kama kidaka kinaonekana kimetengenezwa kwa ajili yake. Tumia sanduku la plastiki lenye kifuniko cha kubana, lililo na vifuko vya chembe za kunyonya unyevu, na vikaushe kabla ya masika kuanza. Santuri zisimame wima, zisilazwe. Joto la chumba kilicho chini ya bati huzipinda. CD yenye alama za vidole ifutwe kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, wala si kwa kuzungusha. Ncha za nyaya za spika na hedifoni huota kutu ya kijani. Zichomoe kila baada ya miezi michache uzifute kwa spiriti safi isiyo na mafuta, na mkwaruzo uliodhani ni wa rekodi utatoweka.

Faili ziwe na nakala mbili katika vyombo viwili, na kimoja kikae nyumba nyingine. Flashi ni ya kubebea, si ya kuhifadhia. Mara moja kwa mwaka fungua nakala ya pili na uicheze kidogo ili ujue kuwa bado inasoma.

Hatua ya saba: kuongeza rafu

Seti kamili ya Beethoven, kama saa tisa za muziki, inunuliwe baada ya Op. 132 kukuingia, si kabla. Alban Berg Quartett la Vienna na Takács wana seti zinazotegemewa. Kwa msomaji wa Kenya iko sababu ya pekee ya kuitafuta ile ya Quatuor Ébène, kundi la Ufaransa, iliyotolewa 2020, mwaka wa 250 tangu Beethoven azaliwe: waliirekodi katika miji saba ya dunia, mojawapo Nairobi.

Kisha ijaribu albamu ya Kronos Quartet ya 1992 yenye kazi za watunzi wa Afrika. Humo yumo Hamza El Din, Mnubi aliyekuwa fundi wa udi, na yumo Justinian Tamusuza wa Uganda. Waliozoea udi wa Zein l'Abdin, mzaliwa wa hapa hapa Lamu, hawatahitaji maelezo ya Hamza El Din.

Bartók, mtunzi wa Hungaria, mwache awe wa mwisho. Kwarteti zake sita, za kati ya 1909 na 1939, ni ngumu, na anayeanza nazo huenda akaukimbia muziki wote. Ukifika kwake, ingia kupitia Na. 4 ya mwaka 1928, katika rekodi ya Takács au ya Emerson Quartet. Sehemu yake ya nne haiguswi na upinde hata mara moja: wote wanne hudonoa nyuzi kwa vidole, na mara nyingine huvuta waya kwa nguvu hadi urudi na kugonga ubao. Mpigaji udi anaweza kuanza na sehemu hiyo peke yake, kisha arudi kusikiliza nne zilizobaki.